Taa na Daftari: Maana ya Diwali



Majirani hutuuliza kwa nini usiku wa Diwali huwashwa taa nyingi kiasi kile. Jina lenyewe, Dipavali kwa Kisanskriti, maana yake ni safu ya taa, na usiku wenyewe ni ule ambao mwezi hauonekani kabisa. Watu wa Ayodhya walimpokea hivyo Rama, aliporejea baada ya miaka 14 ya uhamisho. Wajaini humkumbuka Mahavira, na Masingasinga hukumbuka kufunguliwa kwa Guru Hargobind kutoka ngome ya Gwalior.

Lakini sisi ambao asili yetu ni Gujarat tunayo desturi nyingine, isiyoonekana kutoka barabarani. Hiyo ni Chopda Pujan, ibada ya vitabu vya hesabu. Mfanyabiashara hufunga hesabu za mwaka, kisha huweka daftari jipya mbele ya Lakshmi. Katika ukurasa wa kwanza huandikwa jina Shri, pamoja na maneno mawili: shubh, yaani heri, na labh, yaani faida. Heri hutangulia. Kwa hiyo desturi ilimtaka mwenye deni alilipe, au walau aende kwa mdai wake wakazungumze, kabla utambi haujatiwa moto.

Siku hizi hesabu zimo katika kompyuta, na vijana huuliza waombee kitu gani. Kompyuta nayo hutiwa alama ya kumkum, wala hatuoni ubaya. Linalotuhuzunisha ni taa kubaki na hesabu kuachwa. Nyumba inameremeta kwa balbu, fataki zinalipuka hadi usiku wa manane ilhali jirani ana mtoto mchanga, na mshahara wa mtumishi wa nyumba hiyo haujalipwa. Lakshmi hakaribishwi hivyo.

Mwaka mpya wa Vikram Samvat ukiingia, husalimiana kwa kusema “Sal Mubarak”. Hapo jirani Mswahili hahitaji mkalimani, kwani mubarak na baraka ni maneno ya mzizi mmoja, na hulisikia kila Idi. Hekaluni hupangwa Annakut, mlima wa vyakula mbele ya miungu, ambavyo baadaye hugawiwa watu. Maduka hufunguliwa rasmi Labh Pancham, siku ya tano ya mwaka.

Basi kabla ya kununua samli na tambi, tuanze na daftari. Na majirani wanaosita getini siku ya Annakut, karibuni ndani. Viatu huachwa mlangoni, na chakula chote hakina nyama.