Udongo Unaokwenda na Maji

Mwaka 2024, ukame ulipounguza mashamba ya Zambia, nchi ile ilikuja Tanzania kununua mahindi. Nayo mengi hulimwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Basi mvua ikichukua udongo wa juu wa Uyole, ndio wenye rutuba, hupungua chakula cha watu wasiopata kuliona shamba lako. Na bado wako wapangao matuta kutoka kileleni hadi bondeni, ati maji yapite upesi! Yapita kweli, pamoja na mbolea. Wamatengo wa Mbinga hulaza nyasi kwa miraba, huzifukia kwa udongo, na katikati huacha shimo la kuzuia maji, ndiyo ngoro. Hivyo wamelima milima mikali zaidi ya miaka 100. Aonaye kazi hiyo nzito, na ageuze kwanza matuta yake yaukingame mteremko.