Kodi Inayohesabu Sukari
Na sasa, msikilizaji, tutazame vinywaji baridi vinavyoagizwa kutoka nje kuingia Uingereza. Tangu Aprili 2018, kinywaji kilichoongezwa sukari, kikifikia gramu 5 kwa mililita 100, hulipiwa kodi, kiwe cha nyumbani au cha ng'ambo. Kikifikia gramu 8, kodi hupanda. Kwangu hiyo ni haki: haiulizi chupa imetoka wapi. Wapo wanaosema mzigo humwangukia mwenye kipato kidogo, na hoja ina uzito, lakini tukumbuke kwamba viwanda vingi vilipunguza sukari hata kabla kodi haijaanza. Tatizo, naona, ni mwagizaji mdogo, asiye na sauti juu ya mchanganyiko wa kiwanda cha mbali. Je, kiwanda hicho kitaubadili kwa ajili ya soko moja tu?