Nywele Zinaponyonyoka: Dawa, Upasuaji na Pa Kuanzia

Saluni za Kayanga wilayani Karagwe na Nkwenda wilayani Kyerwa husuka kila mtindo. Msuko unaovutwa mno hunyonyoa nywele za pembeni mwa paji la uso. Mwanamke akiulegeza mapema, nywele huweza kurudi. Akiendelea nao miaka mingi, ngozi huweka kovu na mashina ya nywele hufa.

Kwa watoto, chanzo cha kawaida ni mapunye. Krimu pekee haiponyi, kwa sababu fangasi huingia ndani ya unywele. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa.

Upara wa kurithi una dawa mbili kuu. Minoksidili, iliyoanza kama kidonge cha shinikizo la damu, hupakwa kichwani, na matokeo huanza kuonekana baada ya miezi kadhaa. Finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani kwa upara mwaka 1997, ni ya wanaume. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Dawa zikiachwa, upara huendelea.

Katika upandikizaji, daktari huhamisha nywele na mizizi yake kutoka kisogoni hadi penye upara. Nyingi hudondoka wiki za mwanzo, kisha huota upya. Matokeo kamili huchukua takriban mwaka.

Mkazi wa Karagwe aanzie Hospitali ya Nyakahanga au kituo cha afya kilicho karibu. Akihitaji bingwa wa ngozi, ipo rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya KCMC, Moshi. Aende na kila dawa na mafuta anayopaka.