Mzigo Ukirudi, Nani Alipe Nauli?

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Tarawehe)



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, Ramadhan ikishafika kumi la pili simu zetu hugeuka maduka. Huyu atafuta kanzu, yule buibui, mama naye viatu vya watoto vya Idd. Unaona picha, unatuma pesa kwa M-Pesa, unangojea kifurushi kije na basi. Kikija na hakikukai, unaandika neno moja tu: "Narudisha." Neno hilo ni jepesi kuandika, lakini mzigo haurudi bure. Kuna mtu analipa.

Hebu tupige hesabu. Tuseme dada yuko Mombasa anauza mabuibui kwa mtandao. Amenunua moja kwa jumla shilingi 2,200, analiuza 2,800, na ametangaza kuwa nauli ni juu yake. Basi hadi Nairobi tuseme ni 250. Faida imebaki 350. Mnunuzi akilirudisha, na nauli ya kurudi pia akailipa dada huyu, 500 zimekwenda na buibui liko palepale kabatini. Kuziba pengo hilo lazima auze mengine mawili yasiyorudi, na hapo atabakiwa na shilingi 200 kwa kazi ya vifurushi vitatu. Sijatia mfuko, ada ya kurudisha pesa, wala boda ya kwenda stesheni. Na likirudi siku mbili kabla ya Idd, nani atalinunua tena kwa bei ile?

Msidhani haya ni ya wadogo peke yao. Zara kule Uingereza mwaka 2022 walianza kutoza pauni 1.95 kwa anayerudisha nguo kupitia vituo vya vifurushi, na anayeipeleka mwenyewe dukani halipi. Amazon ya Marekani, tangu Juni 2024, humtoza muuzaji anayetumia maghala yake ikiwa bidhaa yake inarudishwa kupita kiwango kilichowekwa kwa aina ile. Lakini kampuni kubwa ina pa kuificha gharama, huigawa kwenye bei za wateja wote. Dada yetu na vifurushi vyake kumi kwa wiki ataigawa kwa nani?

Ndiyo maana wengi wameandika, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Naielewa hofu yao. Lakini maandishi hayo hayawezi kusimama kwa kila hali. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa maelezo ya kutosha, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Na sisi tuliokaa mkekani madrasani tulisoma khiyari ya aibu: kitu kikionekana kina ila ambayo mnunuzi hakuijua, ana haki ya kukirejesha. Tulisoma pia habari ya Mtume (s.a.w.) na muuza chakula sokoni, juu pakavu, chini pamelowa, naye akamuuliza mbona hakukiweka kilicholowa juu watu wakione. Picha ya simu ndiyo juu ya lile rundo. Ukipiga picha ya kitambaa kizito halafu ukatuma chepesi, au ukatuma rangi nyingine ukijua, mzigo urudi kwa gharama yako na usinung'unike.

Kubadili nia ni jambo jingine. Hapo buibui ni zima, ni lile lile la kwenye picha, ila mteja ameona jingine zuri zaidi. Muuzaji akikubali kulipokea, hiyo ni ikala, hisani yenye malipo kwa Mola wake, na haidaiwi kwa nguvu. Hata Uingereza, ambako kanuni za 2013 zinampa aliyenunua kwa mtandao siku 14 za kughairi baada ya kupokea, muuzaji anaruhusiwa kumwachia mnunuzi nauli ya kurudisha, mradi amemwambia mapema. Kwangu mimi huo ni uadilifu.

Wako pia wanaovaa siku ya Idd, wakapiga picha, kisha wakaandika "halikunikaa". Buibui linarudi linanuka udi! Jamani, tumefunga mwezi mzima.

Mengi ya haya yanazuilika kwa futi ya fundi. Mabuibui huandikwa 54, 56, 58, na hizo ni inchi za urefu. Muuzaji, andika na upana wa kifua na urefu wa mkono, piga picha mchana bila kurembesha rangi. Mnunuzi, jipime kutoka begani hadi chini, usiseme "nitumie saizi ya kati". Na kabla pesa haijatoka, mwandikiane: ikiwa na kasoro nauli ya nani, nikibadili nia nauli ya nani, na mwisho siku ngapi. Ujumbe huo uhifadhi kwenye simu. Anayeagiza kutoka Lamu au Garissa afanye hivyo wiki hii, kwani mzigo ukija na kasoro, nafasi ya kubadilishiwa kabla ya Idd ni ndogo.