Daktari Mkuu wa Zamu na Amana ya Uongozi



Usiku wa kuamkia tarehe 5 Machi 1984, msichana wa miaka 18, Libby Zion, alilazwa hospitalini mjini New York kwa homa kali. Asubuhi alikuwa amekwisha fariki. Waliomhudumia walikuwa madaktari wawili vijana waliokuwa bado mafunzoni. Daktari wa familia yake alishauriwa kwa simu tu. Mwaka 1986 jopo la raia lililochunguza kifo hicho halikumshtaki daktari yeyote kwa jinai, bali lililaumu utaratibu mzima: saa nyingi mno za kazi na usimamizi hafifu.

Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kanuni kwamba daktari aliye mafunzoni asifanye kazi zaidi ya saa 80 kwa juma, na asimamiwe na wakubwa wake. Mwaka 2003 kikomo hicho kikaenea Marekani nzima.

Lakini kupunguza saa peke yake hakutoshi. Katika mafunzo ya ubingwa, daktari aliyetangulia huchaguliwa kuwa mkuu wa wenzake. Yeye hupanga zamu, hufundisha wadogo, husuluhisha ugomvi na kufikisha malalamiko kwa wakubwa. Jana alikuwa mwenzao. Leo ni kiongozi wao. Je, nani amemfundisha kazi hiyo? Kujua dawa siyo kujua kuongoza watu.

Kwa sababu hiyo ACGME, chombo kinachoidhinisha mafunzo hayo nchini Marekani, kimeanzisha mafunzo ya uongozi kwa madaktari wakuu hao. Wala hili si jambo la anasa. Daktari mdogo aliyekaripiwa jana kwa kuuliza, usiku wa leo hatauliza. Ataogopa kupiga simu, na atakayelipa ni mgonjwa. Basi mkubwa hana budi kujifunza kumsahihisha mdogo bila kumfedhehesha, na kumwambia: “Niite saa yoyote, wala sitakudharau.” Na akiitwa, aende.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu aliye na mtu chini yake, awe fundi, mwalimu au mzazi, na ajiulize: mdogo wangu akikwama usiku, ataniamsha au ataficha? Uongozi ni amana, na anayekabidhiwa amana hufundishwa kwanza namna ya kuitunza.