Kinanda cha Santuri na Sindano Yake

Leo twataka kusema juu ya kinanda cha santuri, kile cha kuzungushwa kwa mkono, ambacho baadhi ya wazee wetu wa Kibaoni, Ifakara, wangali wakikikumbuka.

Chombo hiki hakitaki umeme. Ndani ya sanduku mna kamani ya chuma. Ukitia ufunguo kamani hujikaza. Ukiiachia hufunguka polepole na kuzungusha santuri, yapata mara 78 kwa dakika. Sindano hupita katika mfereji mwembamba wenye mawimbi, ikatikisika, na mtikisiko huo hufika kwenye kiwambo kidogo, mara nyingi cha ulanga (ndilo jina pia la nchi iliyo ng'ambo ya mto wetu). Kiwambo hutikisa hewa, na pembe huikuza sauti. Basi, ni hayo tu. Mtu aliyeimba Bombay asikika Kibaoni kwa nguvu ya mkono wako.

Tena Bombay hatukuitaja bure. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari pamoja na wenzake, sauti zao zikatiwa huko katika santuri za His Master's Voice, zile zenye picha ya mbwa asikilizaye pembe. Upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu tu. Kwa watu waliozoea tarabu ya usiku kucha, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa sindano. Santuri zile zilifanywa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo huisaga ncha ya sindano hata ienee mfereji. Kwa hiyo sindano ya chuma ni ya upande mmoja, kisha hutupwa. Tulipokuwa wanafunzi hatukulijua hilo. Mzee jirani alituazima santuri ya tarabu, nasi tukaipiga kwa sindano ile ile jioni baada ya jioni. Wiki ya tatu mfereji mweusi uligeuka kijivu, na sauti ikawa kama mvua juu ya bati. Tulipoirudisha, mzee hakutugombeza. Aliisikiliza pande zote mbili, akauliza, "Wajukuu zangu, mwayasikia maneno?" Tukajibu, "Hatuyasikii, babu." Yeye aliyajua kwa ghibu, akatuimbia hata mwisho.

Nyinyi mlio na santuri za namna hiyo, zisimamisheni wima mahali pakavu, maana masika ya bonde letu yaleta ukungu. Zipanguseni kwa kitambaa laini; msitumie spiriti, kwani huyeyusha lakiri. Sindano mpya zingali zikitengenezwa. Na kabla ya kuipiga santuri hata mara moja, mwiteni kijana mwenye simu ya kunasa sauti, akae karibu na pembe.