Bei ya Kampuni Isiyo na Kiwanda



Karibu kila simu janja mliyoizima mlio kabla ya kuingia ukumbini humu inaendeshwa kwa usanifu wa kampuni moja ya Cambridge, Uingereza, iitwayo Arm. Simu hiyo hawakuitengeneza wao, wala chipu iliyomo. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1990 kwa ubia wa Acorn, Apple na VLSI Technology, Arm haikujenga kiwanda cha chipu. Inachora namna kichakataji kitakavyofanya kazi, inauza leseni ya mchoro huo, kisha inapokea mrabaha mdogo kwa kila chipu inayouzwa. Walio na leseni hizo ni Apple, Samsung, Qualcomm, MediaTek na wengineo, mahasimu wasiopeana nafasi ya kupumua sokoni. Kampuni ya namna hii ina thamani gani? Nitajaribu kuonyesha kwamba swali hilo halijibiki mpaka tujue mwenye kampuni ni nani.

Njia ya darasani mnaijua: kisia fedha zitakazoingia miaka ijayo, zipunguze kwa kuwa shilingi ya kesho si sawa na ya leo, kisha jumlisha. Nimeifundisha na nitaendelea kuifundisha. Lakini kwa kampuni inayoishi kwa mrabaha, ukiongeza kidogo tu kiwango cha mrabaha unachokisia, jibu linaruka kwa mabilioni. Mara nyingi jedwali hutufahamisha zaidi matumaini ya aliyelijaza.

Julai 2016 aliyelijaza alikuwa Masayoshi Son wa SoftBank ya Japani. Alitangaza kuinunua Arm kwa pauni bilioni 24.3, yaani pauni 17 kwa kila hisa, asilimia 43 juu ya bei ya soko. Mapato ya Arm ya mwaka uliotangulia hayakufika pauni bilioni moja. Son alikuwa akilipa takriban mara 25 ya mapato ya mwaka kwa kuamini kwamba majokofu, taa za barabarani na mita za maji, vyote vitakuja kubeba chipu. Hermann Hauser, mmoja wa waasisi wa Acorn, alisikitika hadharani. Wateja walitulia. SoftBank ni kampuni ya uwekezaji na mawasiliano. Haikuwa ikishindana na yeyote kati yao kwa chipu.

Septemba 2020 akaja mnunuzi mwingine, Nvidia, ambayo yenyewe huuza chipu, kwa bei iliyotajwa kuwa dola bilioni 40. Tuichambue bei hiyo. Taslimu ilikuwa dola bilioni 12 tu. Dola bilioni 21.5 zingelipwa kwa hisa za Nvidia yenyewe, hadi bilioni 5 zingetegemea matokeo ya baadaye, na zilizobaki zilikuwa hisa za wafanyakazi wa Arm. Kwa kuwa idadi ya hisa ilikwisha kupangwa, kila Nvidia ilipopanda sokoni bei ya Arm nayo ilipanda. Mpango ulipovunjika Februari 2022, ile bilioni 40 ilikuwa imevuka 60, na si kwa sababu Arm ilikuwa imegundua jambo jipya. (SoftBank ilikuwa imeuza hisa zake za Nvidia mwanzoni mwa 2019. Kwa hesabu za leo ni habari chungu.)

Kilichouvunja mpango ni wateja na mamlaka za ushindani. Qualcomm ilipinga. Hauser alimwandikia barua ya wazi Waziri Mkuu wa Uingereza. Desemba 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifungua kesi kuuzuia ununuzi. Hoja yao inaeleweka hata bila utaalamu. Wafanyabiashara wa nafaka wakiuamini mzani mmoja wa gulioni kwa sababu hauna upande, kisha mmoja wao akaununua, mzani utabaki na uzito ule ule lakini wenzake wataanza kutafuta mwingine. Nvidia iliahidi kutoa leseni kwa wote kama zamani. Sioni sababu ya kuishuku ahadi hiyo, ila haikutosha. Chipu hupangwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa, na mteja mwenye wasiwasi huanza mapema kuchungulia RISC-V, usanifu ulio huru uliozaliwa Berkeley mwaka 2010.

Kwa hiyo mnunuzi aliyekuwa tayari kutoa fedha nyingi kuliko wote ndiye ambaye mikononi mwake mali ingeweza kupungua. Si kila ununuzi wa chipu uko hivyo. AMD iliichukua Xilinx mwaka 2022 pasipo vita ya aina hiyo. Intel iliinunua Altera kwa dola bilioni 16.7 mwaka 2015. Miaka kumi baadaye ikakubali kuuza asilimia 51 kwa hesabu iliyoipa Altera nzima dola bilioni 8.75. Hapo tatizo halikuwa upande wa mtu, ni ndoa ambayo haikuzaa.

Turudi kwa Arm. Mpango ulipovunjika, SoftBank ilibaki na amana ya Nvidia, dola bilioni 1.25, na Septemba 2023 ikaipeleka Arm kwenye soko la hisa la Nasdaq kwa dola 51 kwa hisa. Ziliuzwa takriban sehemu moja katika kumi. Tisa zilibaki kwa Son. Februari 2024 kampuni ikatangaza kwamba mapato ya robo mwaka yamepanda asilimia 14, na kwa siku moja bei ya hisa ikaruka asilimia 48. Magazeti yakaandika kwamba thamani ya Arm imepita dola bilioni 100. Hesabu hiyo inachukua bei iliyofikiwa na wanaogombea hisa chache na kuizidisha kwa hisa zote, zikiwemo tisa ambazo hazijakanyaga soko. Son akizitoa zote asubuhi moja, hiyo bei hataikuta.

Machi 2025 SoftBank ilitangaza kuinunua Ampere, watengenezaji wa chipu za seva zenye usanifu wa Arm, kwa dola bilioni 6.5. Mwenye Arm sasa anaingia katika biashara ya wateja wa Arm. Qualcomm ilikwisha kushtakiwa na Arm kuhusu leseni zilizokuja na Nuvia, kampuni iliyoinunua mwaka 2021, na Desemba 2024 baraza la wazee wa mahakama likaipa Qualcomm ushindi katika sehemu kubwa ya madai. Ningetakiwa leo kuipangia Arm bei, ningeanzia hapo: kwa Qualcomm na wenzake, na kwa yale wanayoyapanga kwa mwaka 2030, ndipo nifungue taarifa ya mapato.